Pauni 50,000 na Wiki 52: Kurudi Kwenye Gemu la Umeneja wa Bendi la Mwaka 1988

Gemu la Rock Star Ate My Hamster linakukabidhi vitu viwili: pauni 50,000 na mwaka mmoja. Ndani ya mwaka huo unaunda bendi kwa kuchagua wanamuziki wasiozidi wanne, unaisimamia kama meneja, na bendi hiyo inatakiwa ipate diski nne za dhahabu, yaani tuzo za mauzo makubwa ya rekodi, kabla mfuko haujatoboka. Wengi wanaolirudia leo wanashindwa kwa kosa lilelile: macho yote kwenye fedha, kalenda imesahaulika. Fedha ikipungua unaiona. Siku zikipungua huna habari, mpaka unashtuka Oktoba imefika na una diski moja.

Gemu lilitoka mwaka 1988 Uingereza, likatengenezwa na Codemasters, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1986 na ndugu wawili, Richard na David Darling, na ambayo watoto wa wakati ule waliijua kwa kaseti zake za bei nafuu. Hili lilitoka kwenye lebo yao ya Gold, iliyokuwa ya bei ya juu, kisha likarudishwa sokoni kwa bei ya chini. Mwandishi wake ni Colin Jones. Lilikuwepo kwa kompyuta tano za nyumbani: ZX Spectrum, Commodore 64, Amstrad CPC, Atari ST na Amiga.

Jina lake linahitaji maelezo. Tarehe 13 Machi 1986 gazeti la The Sun liliweka ukurasa wa mbele habari kwamba mchekeshaji Freddie Starr amemla hamsta, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya ambaye Waingereza humfuga ndani. Mwenyewe alikanusha. Lakini jina lake lilikuwa limeshaingia kila nyumba, na hilo ndilo gemu linalolisema kuanzia jalada: msanii huishi kwa kutajwa. Leo Bongo neno ni moja, kiki. Gemu lote limejengwa juu ya kiki, mishahara na siku za mwaka. Wewe ni Cecil Pitt, pembeni yako yupo Clive, na wanamuziki mnaowaajiri wana majina yaliyopindwa kidogo kutoka kwa mastaa halisi wa miaka ya 1980, kiasi kwamba ukiyasoma unamjua mtu.

Toleo lipi ucheze? Anayetaka picha nzuri na muziki wa kusikilizika achukue la Amiga au Atari ST. Anayetaka kulielewa gemu lenyewe achukue la Spectrum. Pale picha ni chache, maandishi ni mengi, na uamuzi ndio unaobaki. Zaidi ya hapo, Spectrum ya KB 48 ni mashine ndogo kiasi kwamba unaweza kuijua yote, na kuijua mashine kunasaidia, kama tutakavyoona kwenye suala la bahati.

Ukiamua la Amiga, weka emuleta yako (programu inayoiga mashine ya zamani), FS-UAE au WinUAE, kwenye Amiga 500 yenye Kickstart 1.3, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, KB 512 za kumbukumbu ya msingi na KB 512 za nyongeza. Faili la Kickstart 1.3 lina baiti 262,144. Likipungua hata baiti moja, hilo siyo lenyewe au limeharibika. Haki zake bado zina mwenyewe, na huuzwa kihalali ndani ya kifurushi cha Amiga Forever. Kosa linalowapata wengi ni kuacha emuleta kwenye NTSC, mfumo wa picha za TV wa Marekani. Gemu hili ni la Uingereza, linataka PAL: picha 50 kwa sekunde, mistari 256 inayoonekana. Kwenye NTSC kasi inapanda kufika 60, muziki unakimbia kwa asilimia 20, na mistari ya chini ya skrini inakatwa. Ukiona wimbo una haraka isiyo ya kawaida na menyu imekosa sehemu ya chini, usitafute kopi nyingine ya gemu. Badilisha mpangilio huo tu.

Mwenye flopi zake za asili asizitie kwenye kompyuta ya kawaida akitegemea zisomeke. Kidhibiti cha flopi cha PC hakiuelewi mpangilio wa Amiga wa KB 880. Kinachofanya kazi ni kifaa kidogo cha elektroniki kinachoitwa Greaseweazle, kinachounganishwa kwa USB na draivu ya kawaida ya inchi 3.5. Kabla ya yote, fungua kile kilango cha chuma na uitazame sahani yenyewe kwenye mwanga. Ukiona madoa ya kijivu kama vumbi lililoganda, hiyo ni ukungu. Ukiisoma hivyohivyo, hedi, yaani kichwa cha kusomea, inachafuka na flopi utakayoingiza baada ya hapo nayo inakwanguliwa.

Kaseti, iliyobeba toleo la Spectrum, ina kazi zaidi, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa kabla hata hawajaajiri mpiga gitaa.

Waliokua na redio kaseti watakuwa nyumbani. Kwanza safisha hedi kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa spiriti ya isopropili, na ile gurudumu ya mpira pia, kisha acha dakika tano ikauke. Peleka kanda mbele mpaka mwisho, irudishe mpaka mwanzo, ili ilegee mahali iliposhikana baada ya kukaa miaka mingi. Zima Dolby. Dolby imetengenezwa kupunguza mvumo wa juu, na data ya Spectrum ni mlio mtupu. Rekodi kwa kebo kwenye kompyuta: 44,100 Hz, biti 16, chaneli moja, faili la WAV. Usirekodi MP3 hata kama nafasi ni ndogo, kwa maana MP3 hutupa kile ambacho sikio halikihitaji, na mashine inahitaji hichohicho: mahali hasa wimbi linapokata kutoka juu kwenda chini. Sauti isigonge juu, iache ikome kwenye dB 3 hadi 6 chini ya kilele.

Kisha sikiliza. Mlio wa kwanza, ule mrefu wa kunyooka, ni wa takriban Hz 807. Hudumu kama sekunde tano kabla ya kichwa cha faili na kama sekunde mbili kabla ya data. Ukisikika mzito, kana kwamba umefunikwa blanketi, hedi haijalala sawa na kanda. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo. Ukiwa na bisibisi nyembamba, mlio ukiendelea, izungushe polepole, isizidi robo mzunguko, mpaka mlio uwe mkali na safi kuliko popote. Weka alama ya wino mahali ilipokuwa mwanzo ili uweze kuirudisha, la sivyo kanda zako nyingine zote zitasikika vibaya kesho.

WAV ikiwa tayari, ibadilishe kwa audio2tape, mojawapo ya programu zinazokuja na fuse-utils, na utoe faili la TZX, aina ya faili inayohifadhi kanda kwa ajili ya emuleta. Wengi hukimbilia aina nyingine, TAP, kwa kuwa ni ndogo. TAP hubeba data iliyoandikwa kwa kasi ya kawaida ya mashine tu, lakini kaseti nyingi za miaka ile zilikuwa na kipakizi chao wenyewe (programu ya kuingiza data), chenye kasi nyingine, na hizo TAP haiwezi kuzieleza.

Katika Fuse, emuleta ya Spectrum, F7 inafungua kanda, F8 inaichezesha, F2 inahifadhi hali ya mashine na F3 inairudisha. Ukitaka kupakia kwa mkono kama zamani, kwenye Spectrum ya KB 48 bonyeza J. Neno LOAD linajiandika lote, kwa kuwa kwenye kibodi ile ya vitufe 40 kila kitufe kimebeba amri nzima. Kisha Symbol Shift na P, mara mbili, upate alama za kunukuu, halafu ENTER. Pembezoni mwa skrini patakuwa na mistari mipana myekundu na ya samawati wakati wa mlio mrefu, kisha myembamba ya buluu na njano data ikiingia. Ukiona nyekundu na samawati tu bila kufika buluu na njano, mashine inasikia kanda lakini haielewi. Ongeza sauti kidogo, au rudi kwenye bisibisi.

Inafaa kuuacha mzigo uingie kwa mwendo wake angalau mara moja, badala ya kuwasha upakiaji wa haraka. Picha ya jalada ni baiti 6,912, na kwa wastani wa biti 1,500 kwa sekunde inachukua kama sekunde 37. Inajichora kwa theluthi tatu, na ndani ya kila theluthi mistari inaruka nane nane, nyeusi na nyeupe, kama mkeka unaosukwa kwa kurukia. Baiti 768 za mwisho ni rangi. Zinapoingia, picha iliyokuwa kivuli inapakwa kuanzia juu kushuka chini ndani ya sekunde nne. Kumbukumbu yote ya KB 48 ikijazwa kwa kasi hiyo inachukua dakika nne na sekunde 22. Mtoto wa 1988 alipitia hayo kila alipotaka kuanza upya, na ndiyo maana alifikiri mara mbili kabla ya kuajiri.

Ukikutana na maneno "R Tape loading error", jua kwamba kila kipande cha data hufungwa na baiti moja ya ukaguzi. Baiti moja tu ikisomeka vibaya kati ya maelfu, kipande chote kinakataliwa. Rekodi tena kutoka kwenye kanda, usihangaike kulirekebisha faili.

Sasa bendi.

Gawa 50,000 kwa 52: ni pauni 961 kwa wiki. Iandike namba hiyo kwenye karatasi kabla hujaangalia orodha ya wanamuziki, kwa sababu orodha imepangwa ikutamanishe. Tuseme mishahara na matumizi yako ni pauni 2,000 kwa wiki na hakuna kinachoingia. Mfuko unakauka wiki ya 25. Ukishusha mpaka 1,250, unafika wiki ya 40. Tofauti hiyo ya wiki 15 ndiyo muda wa kutengeneza albamu na kuiachia. Wanaoajiri nyota wanne wa bei ya juu siku ya kwanza huwa na bendi nzuri kabisa ambayo haitafika studio. Wanaoajiri wanne wa bei ya chini hufika studio na kutoa kitu ambacho hakuna anayekitaka.

Njia iliyonyooka ni watu watatu: nyota mmoja ambaye jina lake litavuta magazeti na mashabiki, na wawili wa bei ya kati wenye kipaji cha kutosha. Nafasi ya nne iache wazi. Inaonekana kama kujinyima, lakini mtu wa nne ni mshahara wa nne kila wiki, na pia ni mtu wa nne wa kununa. Tena wanamuziki katika gemu hili hawadumu kwa ahadi. Anaweza kuondoka, na kifo pia kimo. Aliyeweka matumaini yote kwa nyota mmoja wa bei mbaya, bila akiba, akimpoteza wiki ya 20 afadhali aanze gemu upya.

Mazoezi yaje kabla ya jukwaa. Hili kila mchezaji analijua, wanachokosea ni kipimo. Bendi isiyofanya mazoezi ikipanda jukwaani inaharibu jina, na jina lililoharibika mwanzoni linakula wiki kulirekebisha. Lakini kila wiki ya mazoezi ni mishahara inayotoka bila kiingilio. Wiki mbili hadi tatu zinatosha kuanza, kisha onyesho moja moja kwenye kumbi ndogo, ukitazama watu wangapi wanakuja. Ukumbi mdogo uliojaa ni bora kuliko mkubwa wenye mwangwi, kwa sababu gharama ya mkubwa inatoka mfukoni ujaze usijaze. Ziara ndefu inaingiza fedha haraka, na ndiyo mtego wa kalenda. Ukiwa ziarani hurekodi. Ziara ya miezi miwili inayokuletea faida nzuri inaweza kuwa ndiyo iliyokunyima diski ya nne.

Mkataba wa kurekodi ndio uamuzi mzito kuliko yote. Unapewa kianzio (fedha ya mwanzo kutoka kwa lebo) na asilimia ya mrabaha, yaani sehemu yako ya mauzo, na macho yanakimbilia kianzio kwa kuwa wakati huo umebakiwa na fedha kidogo. Chukua mfano wa hesabu. Lebo ya kwanza inatoa kianzio cha pauni 10,000 na asilimia 8, ya pili kianzio cha 40,000 na asilimia 4. Tuseme kila rekodi inaingiza pauni 5. Zikiuzwa rekodi 100,000, mapato ni pauni 500,000. Asilimia 8 ni 40,000, asilimia 4 ni 20,000. Kama kianzio ni fedha yako moja kwa moja, wa kwanza unakupa jumla 50,000 na wa pili 60,000, na zinalingana zikifika rekodi 150,000. Lakini katika biashara halisi ya muziki kianzio ni deni: lebo hukata mrabaha wako mpaka kirudi. Kwa hesabu hiyo, kwenye rekodi 100,000, mikataba yote miwili imekupa 40,000, ila wa pili bado unaonekana kwenye vitabu ukidaiwa 20,000. Msanii yeyote wa leo anayepewa fedha ya mwanzo na lebo aifanye hesabu hii kwa kalamu kabla hajasaini. Ndani ya gemu, kama una akiba ya wiki nane za mishahara, kataa ofa ya kwanza na uendelee na maonyesho. Kama huna, saini. Ofa nzuri inayokuja baada ya mfuko kuisha haina kazi.

Diski ya dhahabu yenyewe ilikuwa na maana kamili Uingereza. Chama cha wenye lebo, BPI, mwaka 1988 kiliitoa kwa albamu iliyofika nakala 100,000 na kwa singo iliyofika 500,000. Mwaka uliofuata kiwango cha singo kilishushwa mpaka 400,000. Chati ya taifa wakati ule ilikusanywa na Gallup na kusomwa Jumapili kwenye Radio 1 ya BBC. Mchezaji wa Uingereza alikaa Jumapili jioni akisikiliza chati halisi, kisha akarudi kwenye kompyuta kusubiri ya kwake. Gemu lina hesabu zake, lakini mantiki ya kutegemea albamu inafanya kazi: albamu moja nzuri ni mgodi, unachimba singo zaidi ya moja humo bila kurudi studio.

Kuhusu studio, usichukue ya bei ya chini kabisa, wala ile ya mastaa. Ya kati inatosha kwa bendi ya kati. Tofauti ya fedha iweke kwenye kuutangaza wimbo, maana ngoma kali isiyosikika ni sawa na ambayo haikurekodiwa. Ukichagua singo ya kwanza, toa ile unayoiamini zaidi. Kuna wanaoitunza bora kwa ajili ya baadaye, na baadaye haifiki: singo ya kwanza ikianguka, umaarufu unaoshuka unaivuta na ya pili.

Kiki tumia kwa kiasi, na kwa wakati. Kiki ikifanyika bendi haina kitu sokoni, magazeti yanaandika, watu wanacheka, wiki inapita. Ikifanyika siku chache kabla ya kuachia singo, jina linakuwa mdomoni wakati rekodi iko dukani. Nayo hugeuka. Habari inaweza kuwa mbaya ikashusha jina badala ya kulipandisha, kwa hiyo usifanye kiki mbili mfululizo na usiifanye ukiwa huna fedha ya kuvumilia wiki mbaya. Zawadi kwa wanamuziki ni suala dogo. Toa ari inaposhuka, kabla mtu hajaanza kulalamika. Zawadi baada ya ugomvi huwa ghali na haiponyi.

Kuna gemu la kabla ya hilo linalostahili kuchezwa sambamba, The Biz, la Virgin Games, mwaka 1984, kwa Spectrum. Mwandishi wake, Chris Sievey, hakuwa mtu wa kampuni za kompyuta. Alikuwa mwanamuziki wa Manchester aliyeongoza bendi ya The Freshies, na mwaka 1981 singo yao moja ilifika namba 54 kwenye chati ya Uingereza, ikakwamia hapo. Mwaka 1983 alitoa singo ambayo upande wake wa pili ulikuwa na programu za kompyuta ya ZX81. Mnunuzi alitakiwa kuirekodi kutoka kwenye santuri kwenda kwenye kanda, kisha kuipakia. Baadaye Waingereza walimjua zaidi kama Frank Sidebottom, mhusika mwenye kichwa kikubwa cha bandia. Alifariki mwaka 2010. Mtu aliyekomea namba 54 ndiye aliyeandika gemu la kuipandisha bendi hadi namba moja, na ukicheza unahisi mkono wa mtu anayeijua njia hiyo kwa miguu yake. La 1988 limeandikwa kwa jicho la gazeti la udaku, la 1984 kwa jicho la aliyebeba spika mwenyewe.

Turudi kwenye bahati, kwani hapa emuleta inakupa uwezo ambao mchezaji wa zamani hakuwa nao, na inaweza pia kukuharibia gemu. Ukihifadhi hali kwa F2 kabla ya kila uamuzi na kurudi kila unapokosea, mwaka wa wiki 52 unakuwa hauna uzito, na gemu lote ni uzito huo. Mara ya kwanza cheza bila kuhifadhi. Mara ya pili hifadhi kwenye wiki ya 10 tu, utumie hali hiyo kama maabara: badilisha kitu kimoja, mfano ukumbi, ukiacha mengine yote yalivyo, endelea mpaka wiki ya 14, andika fedha na umaarufu. Rudia mara tano kwa kila chaguo. Mara moja haitoshi kwa sababu kuna kubahatisha ndani.

Ukiona marudio yote matano yanatoa matokeo yaleyale kabisa, usidhani umegundua kanuni ya gemu. Kwenye Spectrum, gemu lililoandikwa kwa BASIC, lugha ya programu ya mashine hiyo, hupata bahati yake kutoka RND, amri ya kutoa namba za kubahatisha, na RND siyo bahati: ni mfuatano wa hesabu wenye hatua 65,536, unaoendelea kutoka namba iliyohifadhiwa kwenye anwani 23670. Ukihifadhi hali, namba hiyo imehifadhiwa nayo. Ukirudi na kufanya mambo yaleyale, "bahati" itakuwa ileile. Ili kuivunja, badilisha kwa POKE, amri ya kuandika namba kwenye kumbukumbu, thamani ya 23670 kabla ya kuendelea, namba yoyote kati ya 0 na 255. Gemu lililoandikwa kwa lugha ya mashine mara nyingi hutumia rejesta ya R, kihesabio kidogo ndani ya prosesa, ambayo hubadilika kila amri inapotekelezwa. Hapo kusubiri sekunde mbili kabla ya kubonyeza kunatosha kubadilisha matokeo. Jaribio la mara tano linakuambia uko kwenye aina ipi.

Daftari liwe na safu tano: wiki, fedha, umaarufu, ari, na ulichofanya. Baada ya michezo mitatu utaona wapi wiki zinapotelea. Mara nyingi ni mwanzoni, kati ya wiki ya 4 na ya 12, kwenye maonyesho madogo yaliyoendelea baada ya bendi kuwa tayari kwa kitu kikubwa zaidi.

Panga kwa kurudi nyuma kutoka Desemba. Rekodi inahitaji wiki kadhaa kupanda, kwa hiyo chochote kitakachotoka baada ya wiki ya 44 kinacheza kamari. Singo ya mwisho iwe sokoni kufikia hapo. Singo zinazoitangulia zitenganishe kwa wiki sita hivi, ili moja isiile nyingine. Hiyo inaiweka albamu kwenye wiki ya 24 au mapema zaidi, studio wiki ya 18, mkataba wiki ya 16. Kama wiki ya 16 imefika huna mkataba na hakuna ofa mezani, achana na ukumbi mdogo, weka fedha iliyobaki kwenye onyesho kubwa moja na kiki moja kabla yake.

Na ukifika wiki ya 47 ukiwa na diski tatu, usirudi studio hata kama una fedha ya kutosha. Tazama ni rekodi gani iliyoko sokoni iko karibu zaidi na dhahabu, hata kama siyo mpya, na kila pauni iliyobaki iitangaze hiyo. Lipa mishahara, ahirisha zawadi, na usiguse kitufe cha ziara.